Bibi mwalimu mpelelezi: msichana asiyehesabiwa na siri za nyumba kubwa

Na Mwandishi Wetu, London

Katika maduka ya vitabu na maktaba za mitaa hapa Uingereza ipo aina moja ya riwaya ambayo haikosi wasomaji, iwe kiangazi au baridi. Jalada lake huwa na picha ya nyumba kubwa ya shamba, bustani iliyokatwa vizuri, na mwanamke aliyevaa gauni refu. Ndani yake kuna mauaji, ama wizi wa mkufu, ama mrithi aliyetoweka. Lakini msomaji haonyeshwi damu. Maiti huanguka nyuma ya mlango, chai huendelea kunywewa, na mwisho wa kitabu mkosaji hujulikana na kila mtu hurudi mahali pake. Ni hadithi za upelelezi zilizo pole, za kusomwa jioni huku mvua inanyesha nje. Wazee na vijana wanazipenda, na wapo ndugu zetu wengi wa hapa ughaibuni waliojifunzia Kiingereza humo.

Mpelelezi wa riwaya hizi kwa kawaida si polisi. Mara ni mpishi, mara ni mkutubi, mara ni bibi kizee afumaye sweta. Leo tumzungumzie mmoja ambaye waandishi wamekuwa wakimrudia kwa zaidi ya miaka mia moja: mwalimu wa nyumbani. Msichana wa miaka ishirini na kitu, hana wazazi, ana sanduku moja la nguo, anaajiriwa na tajiri kwenda kukaa kwake na kuwafundisha watoto kusoma, Kifaransa, piano na adabu. Anafika, anapewa chumba cha juu, na baada ya wiki mbili anaanza kuona mambo ambayo hayakuwemo katika mapatano.

Kwa nini yeye? Jibu linahitaji kwanza tujue alikuwa nani hasa.

Si mtumishi, si jamaa

Zama za Malkia Victoria (1837-1901) binti wa tabaka la kati la Kiingereza hakuwa na milango mingi ya kujipatia riziki. Binti wa kasisi au wa afisa aliyefilisika hakuweza kwenda kiwandani wala kuwa mpishi bila kuiaibisha familia. Kazi iliyobaki ilikuwa ualimu wa majumbani. Hesabu ya watu ya mwaka 1851 mara nyingi hutajwa kuonyesha walimu wa namna hiyo karibu 25,000 nchini. Waliotafuta kazi walikuwa wengi kuliko nafasi, na kwa sababu hiyo ujira ulikuwa mdogo.

Charlotte Brontë aliifanya kazi hii mwenyewe. Mwaka 1841 alikuwa akilipwa pauni 20 kwa mwaka, na humo zikakatwa pauni 4 za kufuliwa nguo. Mdogo wake Anne aliifanya kwa muda mrefu zaidi, takriban miaka mitano katika nyumba moja ya huko Yorkshire. Wote wawili walitoa riwaya zao juu ya walimu wa nyumbani mwaka mmoja, 1847. Ya Anne, Agnes Grey, ni kavu na ya kweli. Ya Charlotte, Jane Eyre, ndiyo iliyoteka ulimwengu, nayo ukiitazama vizuri ni hadithi ya upelelezi: kicheko usiku katika ghorofa ya juu, kitanda kinachowaka moto, na binti wa miaka 18 anayejiuliza nani analala nyuma ya mlango ule. Jane haulizi polisi. Anatazama, anasikiliza, anangoja.

Shida kubwa ya mwalimu huyu haikuwa pauni peke yake. Ilikuwa ni mahali pa kukaa. Watumishi wa jikoni walimwona anajidai, maana alisema kama mabwana. Mabwana nao walimwona ni mwajiriwa. Wakija wageni aliitwa sebuleni ili kuonyesha watoto, kisha aketi pembeni na kushona, pasiwe na mtu wa kusema naye. Chakula cha usiku mara nyingi alikula peke yake chumbani. Alipougua au kuzeeka hakuwa na pa kwenda, na hali hiyo ilifika mahali kikaanzishwa chama maalumu cha kuwasaidia katika miaka ya 1840. Kutoka humo kikazaliwa chuo cha Queen's College cha Harley Street, London, mwaka 1848, ili walau wapate elimu yenye cheti.

Sasa mtazame mtu huyo kwa jicho la mtunzi wa hadithi. Anaishi ndani ya nyumba lakini si wa nyumba. Anapanda ngazi za mabwana na za watumishi. Anajua kusoma, kwa hiyo barua iliyosahauliwa mezani inamwambia kitu. Anakaa na watoto mchana kutwa, na watoto, kama kila mzazi anavyojua, hawana siri. Watu wakubwa wanazungumza mbele yake kana kwamba ni kiti. Mpelelezi wa Scotland Yard akifika atapokewa sebuleni na kuambiwa anayotakiwa kuambiwa. Huyu yumo tayari.

Na ana cha kupoteza. Hili waandishi wabovu hulisahau. Mwalimu wa nyumbani aliyefukuzwa bila barua ya sifa kutoka kwa mwajiri wake hakupata kazi nyingine. Kufungua mlango usiotakiwa kufunguliwa kulikuwa ni kuhatarisha mkate wa mwaka mzima, na pengine wa maisha.

Nywele, gauni la buluu na kipande cha kioo

Mfano bora wa aina hii, kwa maoni yangu, una kurasa chache tu. Ni hadithi ya Sherlock Holmes iliyotoka katika gazeti la The Strand mwezi wa Juni 1892, iitwayo The Adventure of the Copper Beeches. Wengi waliosoma vituko vya Holmes wanaikumbuka kwa mbwa wake mkali. Lakini ukiisoma tena utaona kwamba kazi karibu yote ya upelelezi anaifanya mwanamke aitwaye Violet Hunter, na Holmes anakuja mwishoni kupokea taarifa.

Bi Violet amefundisha miaka mitano katika nyumba ya kanali mmoja kwa pauni 4 kwa mwezi. Kanali anahamia Kanada, na binti anabaki bila kazi. Akiba inakwisha. Katika ofisi ya wakala wa ajira anakutana na bwana mnene mwenye tabasamu, Jephro Rucastle, anayemwahidi pauni 100 kwa mwaka kumlea mtoto mmoja tu huko Hampshire. Ni mara mbili ya alizokuwa akipata. Masharti yake ni ya ajabu: avae gauni atakalopewa, akae pale atakapoambiwa, na akate nywele zake. Bi Violet ana nywele nzuri za rangi isiyo ya kawaida, anakataa. Siku mbili tatu baadaye, akiwa anatazama kabati tupu, inakuja barua: pauni 120. Hapo ndipo anapokwenda Baker Street kumwuliza Holmes shauri, maana hana mzazi wala ndugu wa kumwuliza.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mshahara unaozidi kiasi, kazi nyepesi mno, mwajiri mwenye maneno matamu, na mwanamke ambaye hana mtu wa kumwuliza. Ndugu msomaji, nadhani huhitaji kuwa umeishi mwaka 1892 kuijua habari hiyo.

Anakwenda. Nyumba ipo maili tano kutoka Winchester. Mtoto ni katili, mama yake ana huzuni isiyosemwa, watumishi ni mume mlevi na mke asiyecheka. Asubuhi moja anaambiwa avae gauni la buluu, aketi kwenye kiti kilichogeuzwa mgongo kwa dirisha, na Bwana Rucastle anamsimulia vichekesho mpaka mbavu zinamuuma. Siku mbili baadaye vilevile. Binti anatambua jambo moja: kila mara wanahakikisha hageuki kutazama nje. Basi afanyeje? Kioo chake cha mkononi kilikuwa kimevunjika. Anaficha kipande ndani ya leso, na katikati ya kicheko anaipeleka leso machoni kama mtu anayejifuta. Ndani ya kioo anamwona mwanamume amesimama barabarani, anaitazama nyumba.

Kile kipande cha kioo nakiweka juu ya kioo cha kukuzia cha Holmes. Hakikununuliwa dukani kwa ajili ya upelelezi, ni kitu cha mwanamke yeyote, na kimetumika mbele ya macho ya watu bila yeyote kushtuka. Ingawa bibi mwenye nyumba, tusimwonee, alishtuka.

Baadaye anafungua droo iliyofungwa kwa ufunguo wake mwenyewe na kukuta mkia wa nywele uliofanana kabisa na wake. Anakwenda kwenye sanduku lake, anatoa nywele zake zilizokatwa, anazilaza pamoja. Hawezi kuzitofautisha. Kisha anagundua upande mmoja wa nyumba ambao madirisha yake yana vumbi na moja limefungwa kwa ubao. Bwana anasema ni chumba chake cha kusafishia picha. Siku mtumishi mlevi aliposahau ufunguo mlangoni, binti anaingia. Anaona mlango uliozuiwa kwa chuma, na kivuli kinachopita chini yake. Anakimbia, na anaangukia mikononi mwa Rucastle, ambaye anamwambia kwa tabasamu kwamba akirudi pale atamtupia mbwa.

Ndipo anapompigia Holmes simu ya maandishi. Kwa siri aliyofichua tutaiweka wazi, hadithi ina zaidi ya miaka 130: ndani ya chumba kile amefungwa Alice, binti wa Rucastle wa mke wa kwanza, ambaye ana mali yake mwenyewe aliyoachiwa kwa wasia. Baba alitaka asaini karatasi ya kumpa matumizi ya fedha hizo hata akiolewa. Alipokataa alisumbuliwa mpaka akaugua homa, akakatwa nywele. Mchumba wake hakukubali kuondoka. Kwa hiyo akatafutwa msichana wa kufanana naye, avishwe gauni lake, acheke dirishani, ili yule kijana aliye barabarani aamini kwamba mpenzi wake yu mzima na hamtaki tena. Bi Violet aliajiriwa ili awe uongo unaotembea.

Mwisho wake Alice anatoroshwa kwa ngazi kupitia dirisha la paa, anaolewa Southampton, na mumewe anapata kazi ya serikali katika kisiwa cha Morisi, jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Na nani aliyeiweka ile ngazi tayari? Mke wa mtumishi mlevi, yule asiyecheka. Aliijua siri yote tangu siku ya kwanza. Lakini hakuna aliyemwuliza, hata Holmes, mpaka mambo yalipokwisha.

Arthur Conan Doyle hakuyatoa haya hewani. Dada zake walikwenda Ureno kufanya kazi hiyohiyo ya ualimu wa nyumbani na kupeleka fedha kwao. Mkubwa wao, Annette, alifia huko mwaka 1890, miaka miwili tu kabla ya hadithi kutoka. Wanaojua maisha ya mwandishi huyu wanasimulia pia kwamba wazo la msichana anayekatwa nywele alipewa na mama yake, katika siku ambazo alikuwa amemchoka Holmes na kutaka kumwua. Basi hadithi hii ina wanawake wengi nyuma yake kuliko inavyoonekana.

Nyumba ya Road Hill, 1860

Tukitoka kwenye riwaya tukaingia kwenye mambo yaliyotokea kweli, upole unakwisha. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 1860, katika nyumba ya Road Hill, kijiji cha magharibi mwa Uingereza, mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka minne, Saville Kent, alichukuliwa kitandani mwake. Asubuhi alikutwa katika choo cha nje, amekatwa koo. Milango ilikuwa imefungwa usiku, ila dirisha la sebuleni lilikutwa wazi. Kila mtu aliyekuwa ndani alikuwa wa nyumbani.

Yaya wa mtoto, Elizabeth Gough, msichana wa miaka ishirini na mbili au tatu, alilala chumba kimoja naye. Alisema aliamka alfajiri akaona kitanda kitupu, akadhani mama amemchukua. Polisi wa pale walimwandama yeye. Alikamatwa, akahojiwa mbele ya mahakimu, akaachiwa. Magazeti yalimchambua nchi nzima, na katika midomo ya watu alikuwa na hatia kwa sababu moja kubwa: alikuwa karibu, na hakuwa na mtu wa kumtetea.

Kutoka London akaletwa Jonathan Whicher, mmoja wa wale wapelelezi wanane wa mwanzo wa Scotland Yard walioteuliwa mwaka 1842. Yeye hakutazama chumba cha yaya peke yake. Alichukua orodha ya nguo za dobi. Katika orodha hiyo Constance, binti wa mwenye nyumba mwenye miaka 16, alikuwa na nguo tatu za kulalia, na moja haikuonekana. Whicher akamkamata Constance. Nchi ikachafuka. Mtu wa tabaka la chini anathubutu vipi kuhesabu nguo za ndani za binti wa watu? Constance akaachiliwa, Whicher akarudi London na aibu, na mwaka 1864 akastaafu mapema.

Mwaka uliofuata, 1865, Constance alijitokeza mwenyewe London na kukiri. Alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa, akatumikia miaka 20. Alipotoka mwaka 1885 alikwenda Australia akawa muuguzi kwa jina jingine, na akafa mwaka 1944 akiwa ametimiza miaka 100. Wapo mpaka leo wanaoamini kwamba hakufanya peke yake. Kate Summerscale, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu kesi hii, anaelekeza kidole pia kwa kaka mtu.

Mwalimu wa nyumbani yuko wapi hapo? Yumo katikati, ila amekaa upande usiotarajiwa. Mama wa yule mtoto aliyeuawa, Mary Pratt, aliingia katika familia ya Kent kama mwalimu wa nyumbani wakati mke wa kwanza yu hai, anasemwa kuwa ana wazimu. Mke wa kwanza alifariki 1852. Mwaka uliofuata mwalimu akawa bibi wa nyumba, na wale aliowafundisha, Constance akiwa mmoja wao, wakawa watoto wa kambo waliosukumwa pembeni kadiri watoto wapya walivyozaliwa. Aliyeijua nyumba ile tangu chini mpaka juu alikuwa ni yeye. Lakini hakuna riwaya pole inayoweza kumbeba, kwa kuwa alikuwa mama aliyefiwa, na kwa kuwa kisa chenyewe kilianza siku alipoingia mlangoni na sanduku lake.

Kesi hiyo ilizaa vitabu. Wilkie Collins aliichukua ile nguo ya kulalia na yule mpelelezi mwenye subira na kuviingiza katika The Moonstone, mwaka 1868. Tangu hapo nyumba ya shamba, familia yenye siri na orodha ya dobi zimekuwa mali ya kila mtunzi wa upelelezi. Na kuhusu wanawake: katika mwaka uleule wa 1864 Whicher alipostaafu, London ilitoa vitabu viwili vyenye wapelelezi wa kike, wakati polisi ya Uingereza haikuwa na mwanamke hata mmoja. Watunzi waliitangulia serikali kwa zaidi ya nusu karne.

Bibi Silver na sindano zake

Mwalimu wa nyumbani alipozeeka, riwaya ikampa pensheni ambayo maisha hayakumpa. Patricia Wentworth, mwandishi aliyezaliwa India wakati wa utawala wa Kiingereza, alimleta Maud Silver mwaka 1928 katika Grey Mask. Bi Silver alikuwa mwalimu wa nyumbani, sasa amestaafu na amefungua kazi ya upelelezi wa kulipwa. Anafuma soksi za watoto wa mpwa wake, anakohoa kidogo kabla ya kusahihisha inspekta, na anawatazama washukiwa kama anavyotazama darasa ambalo mmoja wao ameiba peremende. Vitabu vyake vilifika 32, cha mwisho kikitoka 1961, mwaka aliofariki mwandishi.

Watu humlinganisha na Miss Marple wa Agatha Christie. Mimi nasema tofauti ipo, nayo ni ya fedha. Miss Marple ana nyumba yake na kipato chake. Anapeleleza kwa sababu ana udadisi. Bi Silver alikula mkate wa watu miaka na miaka, na kila pambo la chumba chake cha London amelipata kwa jasho lake. Ndiyo maana watumishi wanamwambia ukweli. Anajua kuuliza bila kudharau.

Upande mwingine yupo Henry James, aliyeandika The Turn of the Screw mwaka 1898. Humo mwalimu kijana anapeleleza vizuka ndani ya nyumba, na msomaji anafika mwisho hajui kama vizuka vilikuwako au vilikuwa kichwani mwake. Kitabu hicho si cha kusoma jioni ya mvua kama unalala peke yako.

Riwaya mpya za namna hii bado zinatoka. Maryrose Wood wa Marekani alianza mwaka 2010 mfululizo wa watoto wenye mwalimu wa miaka 15, Penelope Lumley, na wanafunzi waliokutwa porini. Jessica Fellowes alianza 2017 na yaya katika nyumba ya akina Mitford, akijenga kisa juu ya mauaji ya kweli ya muuguzi Florence Nightingale Shore, aliyeshambuliwa ndani ya treni mwezi wa Januari 1920. Nyingi nyingine ni za kupoteza wakati tu, na hakuna ubaya. Kinachoniudhi ni pale msichana wa mwaka 1850 anaposema na kutenda kama mwanafunzi wa chuo kikuu wa leo, anamjibu bwana mwenye nyumba hapohapo mezani, na kesho bado ana kazi. Violet Hunter alijua asingebaki na kazi. Ndiyo maana alificha kioo ndani ya leso.

Na sisi tuna nani?

Wasomaji wa Kiswahili wana Bwana Msa. Marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa 1960. Msa ana kiko chake, ana Najum wa kumsindikiza na kumsimulia, na mtu hawezi kukosa kumwona Holmes nyuma yake. Kikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vinginevyo, vyote vikiwa na Kiswahili kitamu ambacho leo hukipati kirahisi. Hata hivyo Msa ni bwana. Anaingia kwa mlango wa mbele, anapewa kiti.

Yule anayeingia kwa mlango wa nyuma tunamjua sote. London yenyewe ilikuwa na nyumba yao. Familia za Kiingereza zilizotoka India na nchi nyingine za mashariki zilikuja na walezi wa watoto, akina ayah, neno ambalo masikioni mwetu ni yaya tu, na wengine walitupwa mara meli ilipotia nanga, bila nauli ya kurudi. Mtaa wa King Edward's Road, Hackney, ulikuwa na makao yao tangu mwaka 1900. Mwaka 2022 nyumba namba 26 iliwekewa kibao cha buluu cha kumbukumbu. Wanawake wale walivuka bahari mara nyingi kuliko manahodha wengine, na waliyaona ya ndani ya familia za magavana na majenerali. Riwaya ya upelelezi ya mmoja wao ningeinunua kesho.

Na tuje karibu zaidi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kuchukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara iliyoahidiwa na mishahara iliyolipwa. Nyumba nyingi ni nzuri na waajiri wake ni watu wa Mungu, tuseme haki. Lakini mapatano yake yanafanana na ya ofisi ile ya wakala ya mwaka 1892 kiasi cha kutisha, na mkataba wa kimataifa wa kazi za nyumbani, namba 189, ulipitishwa Geneva mwaka 2011 tu. Dada aliyeko Muscat au Dubai anasikia simu zote, anajua dawa za nani zimo kwenye kabati gani, na mtoto wa nyumba anamweleza ndoto zake kwa Kiswahili alichomfundisha yeye. Mtunzi wetu akimpata huyo, hahitaji nyumba ya Hampshire wala mvua.

Kwa wanaotaka kuanza na Violet Hunter, hadithi za Conan Doyle hazina tena haki za kuzuiwa: hapa Uingereza tangu mwisho wa mwaka 2000, na Marekani hata zile za mwisho kabisa zilifunguliwa tarehe 1 Januari 2023. Zipo bure kwenye intaneti, na yeyote mwenye kalamu nzuri anaruhusiwa kuzitafsiri na kuzichapa kwa Kiswahili. Bi Violet mwenyewe hakuolewa na Holmes, jambo ambalo Dakta Watson analilalamikia kidogo katika aya ya mwisho. Alikwenda Walsall akawa mkuu wa shule.